Ingia supamaketi kama umesimama mbele ya kaunta ya babangu

Binti wa kakangu ameolewa Bamburi. Mwezi wake wa kwanza tu wa kuendesha nyumba, akanipigia simu usiku: "Shikamoo shangazi. Nimeingia supamaketi na elfu nane, nimetoka na vikapu vinne vimejaa, na nyumbani hamna chumvi." Nilicheka mpaka akanuna. Halafu nikamwandikia haya, maana hata mimi nimewahi kurudi Majengo na aina tatu za biskuti bila unga wa mahamri ya asubuhi.

Kwanza, mwanangu, fahamu duka lile lilivyoundwa. Babangu alikuwa na duka Mwembe Tayari. Kaunta ya mbao, mizani juu yake, nyuma magunia ya mchele, sukari na mbaazi. Mteja husimama nje ya kaunta na kuagiza: kibaba cha mchele, nusu kilo ya sukari, mafuta ya kupima. Mimi nachota, naviringa gazeti, nafunga. Mteja hagusi kitu. Asilolitaja halitoki.

Marekani nako walinunua hivyohivyo. Karani nyuma ya kaunta, biskuti ndani ya pipa, kahawa ya kupimwa, daftari la madeni, na kijana wa kupeleka mizigo nyumbani. Mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders akafungua duka akaliita Piggly Wiggly. Pale mlangoni unapita kizuizi cha kuzunguka, unachukua kikapu, kisha unafuata njia moja inayokuzungusha mbele ya kila rafu mpaka kwa mwenye kupokea pesa. Makarani wakapungua, bei zikashuka, na kazi ya kuchota nikawa sina mimi, unayo wewe. Macho nayo yakaanza kuagiza badala ya mdomo. Supamaketi zetu za Mombasa zote ni wajukuu wa duka lile. Jiulize kwa nini mara nyingi maziwa na mkate, vitu vya kila siku, viko mwisho kabisa kule ndani.

Kwa hivyo jiwekee kaunta. Andika karatasi ukiwa jikoni, makopo yakiwa wazi mbele yako, na uandike kama unayemwagiza mwenye duka. Usiandike "vitu vya chai". Andika "sukari kilo 2, majani ya chai pakiti ndogo, hiliki ya shilingi hamsini". Kisha isome kwa sauti. Utacheka, lakini ukiisoma ndipo utasikia chumvi haimo. Nje ya karatasi ujiruhusu kitu kimoja, kwa sababu ukijinyima kabisa wiki ijayo utalipiza.

Ukifika, chukua kikapu cha mkononi, uliache toroli. Toroli lina kisa chake. Mwaka 1937, kule Oklahoma City, Sylvan Goldman aliona wanunuzi wake wanaacha kununua mara tu kikapu kikiwa kizito. Akatengeneza kigari cha kubeba vikapu viwili. Watu wakakikataa! Inasimuliwa kwamba wanaume waliona kinawafanya waonekane dhaifu, na wanawake wakasema wameshasukuma magari ya watoto vya kutosha. Goldman akaajiri watu wa kuzunguka dukani wakisukuma vigari, wakijifanya wateja, mpaka wengine wakaiga. Yaani kile kikapu kinachokuumiza mkono ndicho kilichokuwa breki yako, na mtu alikaa chini akatafuta namna ya kuing'oa. Mwisho wa mwezi, ukienda kuchukua unga, mafuta na sabuni za kufulia, haya, sukuma. Siku nyingine beba.

Sasa pakiti. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hivyo nisikilize. Dukani kwa babangu mizani ilikuwa mbele ya macho ya mteja, na kibaba ni kibaba. Vinne ni pishi, kwisha maneno. Pakiti imeificha mizani. Tuseme pakiti ya gramu 400 ni shilingi 120, na ya kilo moja ni shilingi 320. Jicho litakwambia kubwa ndiyo nafuu. Toa simu, gawanya: ndogo inakuja shilingi 300 kwa kilo. Umepoteza ishirini kwa kudhani. Fanya hesabu hiyo kwa mchele, sabuni ya unga na maziwa ya unga. Na uangalie gramu kila mara, hata kwa kitu unachokijua, maana pakiti hupunguzwa uzito na bei ikabaki ileile.

Ukiwa umeishika, igeuze nyuma. Marekani sheria ya mwaka 1990 ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji waweke jedwali la lishe, sukari kiasi gani, chumvi kiasi gani, na likaanza kuonekana kwenye vyakula vingi mwaka 1994. Wewe usipoteze muda na jedwali lote. Soma viungo vitatu vya mwanzo, kwa sababu huandikwa kuanzia kilichotiwa kwa wingi. "Kinywaji cha embe" kinachoanza na maji, kikafuatiwa na sukari, ni sharubati ya sukari iliyopita karibu na mwembe.

Vya barafu sina neno refu. Clarence Birdseye alianza kuviuza Springfield, Massachusetts, mwaka 1930, na njegere zake hazina ubaya. Bonyeza pakiti tu. Zikicheza mkononi kama kokoto, chukua. Zikiwa jiwe moja, huenda stima ilipotea zikayeyuka zikagandishwa tena. Rudisha.

Tungule, mbatata, thomu, nazi na kisamvu, nenda Marikiti asubuhi. Samaki, soko la Mji wa Kale. Kule unaweza kusema "nitolee hiyo iliyopondeka", ukaongezwa moja juu.

Kwa keshia usichezee simu. Ile mistari myeusi ilisomwa na mashine kwa mara ya kwanza kwenye supamaketi ya Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, na kitu chenyewe kilikuwa pakiti ya chingamu. Tangu hapo bei haikai kwenye kitu, inakaa kwenye kompyuta, na anayebadilisha karatasi ya rafuni si yuleyule anayebadilisha kompyuta. Mimi nilichukua mafuta ya lita tatu katika duka moja la mjini, rafuni bei moja, kwenye risiti imeongezeka shilingi sabini. Niligundua nikiwa tayari ndani ya matatu. Siku hizi napiga picha bei ya rafuni kwa vitu vikubwa, na nakitazama kioo cha keshia kitu kwa kitu. Ikitofautiana, sema kwa upole; yule binti hakuipanga yeye.

Jambo la mwisho ni daftari. Maduka ya Saunders yalikuwa ya pesa taslimu, hakuna kukopa, na supamaketi zimerithi hilo. Basi usimhame mwenye duka wa mtaani. Kiberiti, mkate, maziwa ya jioni, nunua kwake hata kama ni shilingi tano zaidi, akujue sura na akujue jina.

Kwani ile chumvi ilipatikana vipi? Usiku uleule alimtuma mumewe duka la nyuma ya nyumba. Akapewa pakiti, ikaandikwa, wakala wali wao.