Kartamu ya Kwenye Chungu na ya Kukata: Kuanzia Mbegu Hadi Shada

Jirani yangu hapa Arusha aliona kartamu kwenye shada la harusi, akataka ya kuweka barazani na nyingine ya kukata. Haya ndiyo niliyomwelekeza. Kartamu (Carthamus tinctorius) ni jamaa ya alizeti. Wengi huilimia mafuta, na petali zake ndizo wasio waaminifu huziuza kwa jina la zafarani.

1. Chagua mbegu za aina isiyo na miiba. Kartamu ya mafuta kwa kawaida huchoma mikono, na mfunga mashada hataigusa mara ya pili.

2. Panda masika yakielekea kwisha, ili maua yachanue wakati wa ukavu. Mvua ikinyesha juu ya maua, vichwa huoza.

3. Usipitishie kwenye kitalu. Mzizi mkuu hushuka moja kwa moja, na ukikatika au ukijikunja, mmea hudumaa. Fukia mbegu sentimita 2 au 3 pale pale zitakapokulia. Chungu kiwe na kina cha sentimita 25 au zaidi. Weka mbegu tatu, kisha bakiza mche mmoja. Mingine ikate kwa mkasi, usiing'oe. Kwenye tuta la maua ya kukata, iache ikaribiane ili upate mashina marefu yasiyo na matawi mengi.

4. Maji. Hapa ndipo kartamu nyingi zinapokufa, kwa hiyo soma polepole. Asili yake ni nchi kavu, na mizizi yake haivumilii kulowa. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga wa mto na moja ya mboji iliyooza vizuri. Mimi hupendelea chungu cha kufinyangwa kuliko cha plastiki, kwa sababu hukauka upesi. Matundu ya chini yawe wazi, na usiweke kisahani.

Wiki za mwanzo majani hukaa chini yamejipanga duara, na shina halipandi. Mtu hudhani mmea una njaa, akaongeza samadi na maji. Uache: mzizi ndio unaoshuka wakati huo, na shina litapanda lenyewe. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, subiri. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani.

Majani yakinyauka huku udongo umelowa, usiongeze maji hata kidogo. Fukua kando ya shina: likiwa la kahawia na laini, mzizi umeoza na mmea hauponi. Utupe pamoja na udongo wake, maana ugonjwa hubaki humo.

5. Kagua vidukari kwenye ncha changa. Maji ya sabuni yanatosha.

6. Kata asubuhi, wakati vichwa vingi vimeanza kutoa rangi. Tumba lililofumba kabisa mara nyingi halifunguki ndani ya maji. Toa majani yote ya chini, kwa sababu majani huchoka kabla ya ua. Ukitaka ya kukausha, ning'iniza mafungu membamba kichwa chini, penye kivuli na upepo; rangi ya chungwa hudumu muda mrefu.