SOMO: Kulipia tiba ya mazungumzo, na yatakayokukuta ukianza

Watu wakiniuliza kuhusu tiba ya kisaikolojia huanza na "hivi inasaidia kweli?" Ukimsikiliza mtu vizuri, anachotaka kujua ni kama ataimudu. Kwa hiyo naanza na hela. Mimi mwenyewe niliacha mara ya kwanza kwa sababu nilihesabu bei ya kikao kimoja, na kikao kimoja si tiba.

Hatua ya 1: Jua unamfuata nani

Daktari wa magonjwa ya akili kasomea udaktari kwanza, na kwa kawaida ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanatibu kwa mazungumzo. Muulize kasomea nini, leseni yake kaipata wapi na tatizo kama lako kalishughulikia kwa muda gani. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safari nzima

Vikao huwa mara moja kwa wiki, dakika 45 hadi 50. Tiba ya kubadili fikra na tabia, ile iliyotokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960, mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 20 kwa mtu mwenye sonona (huzuni nzito isiyoondoka) au wasiwasi. Zile zinazochimba mpaka utotoni zinaweza kwenda mwaka na zaidi.

Sasa chukua bei ya kikao, zidisha mara 12, weka nauli, weka na saa za kazi utakazokosa. Namba ikikutisha, heri ikutishe leo. Mimi ilinitisha wiki ya tano, kidonda kimeshafunguliwa, nikawa siwezi kuendelea wala siwezi kukifunga.

Hatua ya 3: Zungumza hela kabla ya miadi

Hapa ndipo wengi wanapoona haya. Wataalamu wengi wana nafasi chache za kulipa kulingana na kipato, ila hawazitangazi. Usiseme "nipunguzie", hauko sokoni. Taja kiasi: "Kwa kipato changu naweza kutoa hiki kwa wiki. Kuna namna?" Mwenye nafasi atakwambia, asiye nayo mara nyingi anamjua mwenzake aliye nayo.

Ikishindikana, uliza vyuo vinavyofundisha wanasaikolojia. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huona wagonjwa kwa bei ndogo chini ya usimamizi wa walimu wao. Si jambo jipya hata kidogo: zahanati iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920 na wafuasi wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ile ya kuchimba mpaka utotoni, ilitibu watu bure au kwa wanachomudu, na papo hapo ilikuwa darasa la wataalamu wapya. Tiba ya kikundi nayo huwa nafuu, na waajiri wengine hulipia vikao vichache bila kuambiwa mliongea nini.

Wenye bima, ulizeni mambo manne, na majibu yawe kwa maandishi: vikao vingapi kwa mwaka, kibali kinaombwa kabla au la, mtaalamu yumo kwenye orodha yao, na wewe unachangia kiasi gani. Mimi niliambiwa kwa simu "inalipwa". Baadaye fomu ikarudi, eti kibali hakikuombwa. Vikao vitatu vikatoka mfukoni mwangu. Jueni pia kwamba bima mara nyingi hutaka jina la ugonjwa, na jina hilo hubaki kwenye kumbukumbu zao. Wapo wanaolipa wenyewe kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Utajaza fomu. Huenda ukapewa dodoso la PHQ-9, la kupima sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu kwa ukweli, kuliweka alama hakumaanishi unalazwa papo hapo. Lakini kama umeshapanga kujidhuru, usingoje miadi, nenda kitengo cha dharura leo.

Mtaalamu atakueleza pia mipaka ya siri. Mnayoongea hayatoki, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Sheria hutofautiana, kwa hiyo mwombe akuelezee za pale mlipo.

Chumba cha kikao changu cha kwanza kilikuwa na viti viwili vilivyokaa upande upande, mimi na mtaalamu tusitazamane kama polisi na mtuhumiwa. Leso za karatasi zilikuwa upande wangu. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa changu, anaiona yeye tu. Niliongea dakika arobaini kuhusu bosi wangu. Nimeshashika begi, nikasema, "Halafu baba alifariki mwezi wa tatu." Akaandika, akasema, "Wiki ijayo tutaanzia hapo."

Hatua ya 5: Wiki za mwanzo

Unaweza kutoka umechoka kuliko ulivyoingia. Usipange mkutano mzito kazini siku hiyo. Kufika kikao cha tatu au cha nne cha tiba, muulize mtaalamu lengo letu ni lipi na tutajuaje tumelifikia.

MASWALI YENU

Mkuu, nikiahirisha siku hiyo hiyo nalipa?
Mara nyingi ndiyo, tena bei kamili. Wengi wanataka taarifa ya saa 24 au 48. Freud aliandika hivyo tangu 1913: mgonjwa amekodi saa yake, aje asije. Soma masharti kabla ya kusaini.

Mke wangu anasema natupa hela "kwenda kupiga stori". Nimjibuje?
Stori za kijiweni hazina kazi ya nyumbani, ndugu yangu. Mwoneshe daftari la mazoezi uliyopewa. Na mwambie idadi ya vikao na jumla ya gharama; huenda kinachomtisha ni kutojua mwisho wake.

Kwa video inafaa?
Kwa sonona na wasiwasi, tafiti nyingi zinaonesha matokeo yanakaribiana na ya ana kwa ana. Nauli unaokoa. Shida ni faragha: mwenzetu mmoja anafanyia ndani ya gari lililozimwa, vioo vimepandishwa.

Simwelewi mtaalamu wangu, ila naona aibu kumwacha.
Mwambie kwanza, wengine hubadilika. Ikishindikana, hama. Uhusiano wenu una uzito mkubwa katika kupona kwako, na yeye anajua hilo.

Hela ikiisha katikati?
Usipotee kimya kama nilivyofanya mimi. Mwambie ukiwa bado na hela ya vikao viwili. Mnaweza kukutana kila wiki mbili, au akakupa rufaa kwa wa bei nafuu, na hivyo viwili mkavitumia kufunga mlichofungua.