Kabla Hujatoa Hela ya Seramu ya Vitamini C

Vitamini C ya kupaka inafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba chupa nyingi zenye picha ya chungwa hufika mkononi mwako vitamini ikiwa imeshakufa, au haikuwamo tangu mwanzo. Kwa hiyo pitia mambo haya kwanza.

Ujue unanunua nini. Jua, moshi wa magari na wa sigara huzalisha kwenye ngozi molekuli ziitwazo radikali huru, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye mafuta, protini na hata DNA ya seli. Kolajeni inayoshikilia ngozi huvunjika na mikunjo huwahi. Antioksidanti huzipa molekuli hizo elektroni zinazozitafuta, zikatulia. Vitamini C hufanya hivyo, tena hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, ndiyo maana husaidia madoa yanayoachwa na chunusi. Vitamini E hulinda mafuta ya ngozi, na ikishachoka, C huirudishia nguvu. Chupa yenye zote mbili ina maana. Ikiwa na asidi feruliki pia, antioksidanti nyingine itokanayo na mimea, ni bora zaidi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa asidi hiyo ikiongezwa kwenye mchanganyiko wa C asilimia 15 na E asilimia 1, kinga dhidi ya madhara ya jua huongezeka maradufu.

Sasa chupa yenyewe, na hapa usione aibu kumsumbua muuzaji. Asidi askobiki, aina ya vitamini C iliyochunguzwa zaidi, haivumilii hewa, mwanga wala joto. Ndizi mbichi ukiimenya ukaiacha, inageuka nyeusi. Seramu nayo huanza ikiwa angavu kama maji au yenye umanjano mwepesi, kisha hugeuka rangi ya chai ya rangi. Ikifika hapo usiinunue, na kama unayo nyumbani usiendelee kuipaka. Chagua chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, au ya pampu isiyoingiza hewa. Iliyopangwa dirishani ikipigwa na jua, au kwenye meza ya barabarani, iache hata kama bei ni nzuri. Chukua ndogo, mililita 15 au 30, uimalize mapema. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, iweke kwenye friji. Tazama pia mchoro mdogo wa kopo lililo wazi: 6M maana yake itumike ndani ya miezi 6 tangu kufunguliwa.

Kiwango nacho kisikutishe wala kukulaghai. Kinachofaa ni kati ya asilimia 10 na 20. Kupita hapo ngozi hainyonyi zaidi, inawashwa tu. Asidi askobiki pia huhitaji pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, ukali unapanda) chini ya 3.5 ili ipenye, na ukali huo si wa kila ngozi. Sisi wenye ngozi nyeusi tukiunguzwa kidogo hubaki na doa, kwa hiyo kwa anayeanza, hasa mwenye ngozi nyepesi kuwashwa, mimi ningependekeza niasinamaidi ya asilimia 4 au 5. Ni vitamini B3, haiharibiki upesi, na huzuia melanini isisambazwe kwenye seli za juu. Ndimu ya jikoni usijipake: maji yake yakikutana na jua huweza kuunguza ngozi hadi malengelenge.

Kuna la hatari zaidi. Mkorogo siku hizi huvaa jina la vitamini. Krimu inayoahidi kukung'arisha kwa wiki moja, isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji, inaweza kuwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali kali ya kung'arisha ngozi. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto tumboni. Tafuta alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au ya KEBS kwa Kenya, na usinunue kilichopimwa kwenye kopo lisilo na lebo.

Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, nunua krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, seramu isubiri. Asubuhi osha uso, paka seramu, kisha krimu ya unyevu, mwisho kinga ya jua. Mwenye madoa sugu achague yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi.

Retinoli, ambayo ni jamii ya vitamini A, ni ya usiku. Anza mara mbili kwa wiki. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asiiguse.

Kabla ya uso, paka kidogo ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa mfululizo. Ongeza bidhaa moja moja, ili ukipata vipele ujue vimetokana na nini, kisha ipe wiki 8 hadi 12. Doa linalokua, kuwasha sana au kutoa damu, lipeleke kwa daktari wa ngozi.