Kusaka nanoplastiki kwenye maji, anza na nguo zako

Jamani kabla hujawaza mashine za kusakia nanoplastiki (vipande vidogo mno vya plastiki), vua kwanza hilo sweta la poliesta uvae koti la pamba, maana nyuzi zako ndo zitaonekana wa kwanza kwenye sampuli. Chupa iwe ya glasi, isuuze mara tatu, na beba nyingine ya blanki (sampuli ya kulinganishia) yenye maji safi ipite hatua zilezile, ukikuta plastiki humo ujue umeleta mwenyewe.

Mwani na takataka za asili ziunguze na haidrojeni peroksaidi 30%, joto lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi, afu chuja, dondoshea rangi ya Nile Red, mulika taa ya bluu ukichungulia kupitia kioo cha rangi ya chungwa, plastiki zitawaka. Ila na mafuta yanawaka, usishangilie mapema.

Na yale maji yaliyopita kwenye filta usimwage! Nanoplastiki ziko chini ya maikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), nyingi zimo humo. Raman ya kawaida (kipimo kinachotambua plastiki kwa mwanga wa leza) inagotea karibu hapo, FTIR (ya mwanga wa infraredi) inachoka mapema zaidi, kwahiyo unazivunja kwa joto kali bila oksijeni kwenye pairolisisi GC-MS (mashine inayotenganisha gesi zinazotoka na kuzitambua), utapata aina na uzito, idadi ya chembe sahau.

Na ukizisaka kwenye hewa je? Ivute kwa pampu kupitia filta, andika lita zilizopita.