Kabla ya kwenda kupiga picha za kondoo mashambani Uingereza

Kamera isubiri kidogo. Anza na kalenda. Ukitaka wanakondoo, mashamba ya tambarare kusini huwa nao kuanzia Februari hadi Aprili. Kwenye milima ya kaskazini, kama Lake District na Yorkshire Dales, wafugaji wengi hupanga kondoo wazae kati ya katikati ya Aprili na Mei, majani yakishaanza kuota. Juni na Julai ni msimu wa kunyoa. Kabla yake sufu ni nzito, na kwa baadhi yao inaning'inia kama matambara. Baada yake wanaonekana wembamba, weupe, na mistari ya mashine imebaki ubavuni. Oktoba na Novemba madume hufungwa mkanda kifuani wenye chaki ya rangi, ili kila jike aliyepandwa abaki na doa juu ya mkia. Mfugaji hubadilisha rangi kila baada ya siku 16 au 17, apate kujua nani atatangulia kuzaa. Kwa hiyo anayeota kondoo mweupe wa kwenye kadi ya posta, akienda Novemba atarudi na matako mekundu na ya bluu. Alama za rangi zinazoonekana mwaka mzima aghalabu ni za umiliki, na namba za ubavuni wakati wa masika humlinganisha mama na wanawe.

Aliyezoea jua la ikweta apange upya saa zake. London, Juni 21, jua huchomoza mnamo saa 10:43 alfajiri na kuzama saa 3:21 usiku. Desemba 21 huchomoza saa 2:04 asubuhi na kuzama saa 9:53 alasiri. Kaskazini tofauti huzidi. Kwenye mabonde jua hukawia kuvuka mlima, basi tazama ramani ujue upande gani utakuwa kivulini. Wingu jembamba lisikukatishe tamaa: sufu chini ya jua kali la mchana huungua kwenye picha, yaani hugeuka weupe mtupu, wingu huilainisha.

Hapo ndipo picha nyingi huharibika. Kamera hupima mwanga ikidhani kila iangaliacho ni kijivu cha wastani. Kondoo mweupe akijaza fremu, kamera humtia giza. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/−, +0.7 hadi +1. Akiwa mdogo katikati ya vichaka vyeusi vya mlimani, kamera huvutwa na giza na kumfanya kama karatasi tupu, punguza −0.7. Kondoo wa aina ya Swaledale, mwenye uso mweusi na pua nyeupe, anakuletea shida zote mbili kwenye kichwa kimoja. Wa aina ya Herdwick, wa Lake District, huzaliwa weusi, hugeuka kahawia, kisha kijivu kadiri wanavyokua, na uso wa mkubwa ni mweupe. Kumpata mama na mwanawe katika fremu moja ni mtihani hasa. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), washa onyo la sehemu zilizoungua, na uilinde sufu kwanza. Giza la usoni unaweza kuliinua baadaye, lakini sufu iliyoungua hairudi.

Kondoo anayekula hutikisa kichwa muda wote, hivyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Wanakondoo wanaorukaruka jioni wanataka 1/1000. Kwa mmoja, tundu la lenzi liwe f/4 na fokasi kwenye jicho la karibu. Kwa kundi, f/8. Lenzi ya milimita 70–200 inatosha shambani, ila mlimani 100–400 ni bora. Beba kipande cha turubai cha kupigia magoti, kwa sababu picha iliyopigwa ukiwa umesimama huonyesha mgongo na nyasi tu.

Macho ya kondoo yako pembeni mwa kichwa na mboni zake zimelala, hivyo anaona karibu pande zote. Kumnyatia kwa nyuma ni kazi bure. Tembea mshazari, simama, usimkazie macho, kisha kaa chini. Vichwa vikiinuka vyote, usisogee tena. Wakianza kukugeuzia migongo umeshapitiliza. Rudi nyuma, kwani kuwakimbiza kunaweza kumdhuru jike mwenye mimba au kumtenga mwana na mama. Usichakarishe mfuko wa plastiki: watadhani ni chakula, na utazongwa na pua arobaini.

Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya 1:25,000. Njia za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani, na ukifika utaona mishale ya njano. Haki yako ni kupita kwenye njia, si kuzagaa shambani. Sheria ya mwaka 2000 imefungua kwa watembea kwa miguu milima na nyika zilizoorodheshwa, lakini hata huko mbwa hufungwa kamba fupi kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na wakati wowote akiwa karibu na mifugo. Mwache nyumbani tu. Lango liache ulivyolikuta. Kuta za mawe hazina saruji, usizipande. Waya wenye kibao cha njano una umeme, tripodi isiuguse. Kwa picha za kibiashara, omba kwanza ruhusa ya mwenye ardhi.

Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Mjamzito asikaribie kondoo wanaozaa: wanaweza kumwambukiza maradhi yanayoharibu mimba.

Ukimkuta kondoo amelala chali akirusha miguu, hapumziki. Sufu au mimba imemlemea, gesi inajaa tumboni, na anaweza kufa. Shika sufu ya ubavuni kwa mikono miwili, mvute kwa nguvu hadi alale upande, msimamishe na umshikilie mpaka miguu ikaze, la sivyo ataanguka tena. Kisha nenda nyumba ya shamba iliyo karibu ukawataarifu, na uwatajie rangi ya alama uliyoiona ubavuni.