Pima unga, usipime ugali: chakula cha mbwa wa zizini

Ukimuuliza mfugaji wa Kongwa au Chamwino, mkoani Dodoma, mbwa wake anakula kiasi gani, mara nyingi atakujibu, "Anakula kinachobaki." Baada ya mavuno hubaki kingi. Ikifika Novemba, mvua bado na ghala limepungua, hubaki ukoko wa sufuria tu, na mbwa huyohuyo ndiye anayetegemewa kukesha akizuia fisi.

Kwanza jua uzito wake. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wako kati ya kilo 12 na 20. Zidisha kilo hizo kwa 30, ongeza 70, upate kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) anazohitaji kwa siku akiwa amelala tu. Mbwa mzima asiyehasiwa, anayelinda nyumbani, zidisha jibu hilo kwa 1.8. Kwa mbwa wa kilo 15 ni 520 mara 1.8, yaani takribani 940.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanapima bakuli la ugali. Ugali sehemu kubwa ni maji, na kila mpishi ana ulaini wake. Pima unga ungali mkavu. Gramu moja ya unga wa mahindi, mtama au uwele ina takribani kilokalori 3.5, dagaa wakavu kama 3, mafuta 9. Kwa hiyo mbwa wetu wa kilo 15 anatoshelezwa kwa siku na gramu 170 za unga, gramu 80 za dagaa na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti. Huna mizani ndogo? Mwombe muuza duka akupimie mara moja, mimina kwenye kopo, kisha weka alama kwa msumari pale unga ulipofikia.

Dagaa wasikosekane. Ugali mtupu utamshibisha lakini hautamjenga misuli, na vifupa vya dagaa vinampa madini ya chokaa. Waoshe kwanza, maana dagaa wa sokoni huja na mchanga mwingi. Pumba na mashudu ya alizeti waachie ng'ombe. Hayamfai mbwa.

Mbwa anayeshinda machungani hesabu yake ni nyingine: zidisha kwa 2.5 badala ya 1.8, na nyongeza hiyo itoke zaidi kwenye dagaa na mafuta, si kwenye ugali. Mlishe kiasi kidogo alfajiri na sehemu kubwa jioni jua likishapoa. Watoto walioachishwa kunyonya zidisha kwa 3 hadi wafike miezi minne, ukigawa milo mitatu au minne. Jike anayenyonyesha usimpimie. Mpe kadiri anavyomaliza.

Hesabu hii ni ya kuanzia. Baada ya wiki mbili pitisha vidole ubavuni. Mbavu zihisike kwa urahisi bila kuchomoza, na ukimtazama kwa juu kiuno kionekane. Zikichomoza, ongeza sehemu moja ya kumi. Zikipotelea kwenye mafuta, punguza kiasi hichohicho.

Sasa suala la mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu husema "hayo ya mbwa." Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, ini ndilo linaloharibika. Kusaga hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Mahindi au karanga usizothubutu kumpa mwanao, usimpe mbwa.

Walioko Hombolo, Mpunguzi na Bihawana, kunakolimwa zabibu, waongeze tahadhari moja: zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, hata akila chache. Makapi yake yafukiwe mbali na mbwa. Vitunguu navyo visiingie kwenye mchuzi wake.

Utumbo, mapafu na maini kutoka machinjioni ni chakula kizuri na cha bei nafuu, ila chemsha kwa nusu saa au zaidi. Vikiliwa vibichi vinaweza kumpa mbwa minyoo tegu, na mayai yake yanaweza kumwingia mtu na kumfanyia malengelenge kwenye ini. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, hupasuka vipande vyenye ncha.

Maji, weka kama lita moja kwa siku kwa mbwa wa kilo 15, na mara mbili ya hapo Oktoba na Novemba joto linapopanda. Na ikiwa anakula kipimo chake chote na mbavu bado zinachomoza, usiongeze unga. Muone afisa mifugo wa kata akupe dawa ya minyoo, irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyohiyo muulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.