Somo: Kusajili gari kwa serikali ya kabila, Oklahoma

Ukizunguka Tulsa, mji wa Oklahoma, siku moja tu utaziona: namba za magari zilizoandikwa Cherokee Nation, Choctaw au Muscogee. Mimi mgeni nilidhani ni mapambo ya mashabiki wa timu. Kumbe ni namba halali, imetolewa na serikali nyingine, na kodi yake imelipwa dirisha jingine. Oklahoma ina makabila 38 ya wenyeji wa asili yanayotambuliwa na serikali kuu ya Marekani, na Cherokee, Choctaw na Muscogee yamo. Shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Wenyewe wana majina yao.

Hatua ya 1: Uraia. Anayesajili ni raia wa kabila mwenye kadi yake. Kuishi jirani nao au kufanya kazi kwenye kasino yao hakukupi kitu. Kwa Cherokee unaonyesha kwamba umetokana na mtu aliyeandikwa kwenye Daftari la Dawes, orodha ya majina ya watu wa kabila ya mwanzoni mwa karne ya 20. Hawapimi kiasi cha damu.

Hatua ya 2: Gari linalala wapi? Hapa ndipo watu huumia. Mwaka 1993, katika kesi ya kabila la Sac and Fox, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo halina ruhusa ya kumtoza kodi ya gari raia wa kabila anayeishi na kulaza gari lake kwenye ardhi ya kabila, mpaka Bunge la Marekani liseme wazi. Akihamia nje ya ardhi hiyo kinga haimfuati, isipokuwa kabila lina mkataba na jimbo. Cherokee wanao. Novemba 2023, raia wa kabila la Otoe-Missouria aliyeishi nje ya ardhi ya kabila lake alisimamishwa barabarani akaandikiwa faini ya kutolipa kodi ya jimbo, na namba yake ilikuwa halali kwa kabila.

Hatua ya 3: Makaratasi. Kadi ya uraia, leseni, hati ya umiliki wa gari, bima, uthibitisho wa makazi.

Hatua ya 4: Hesabu. Chukua gari lililotumika la dola 9,500. Jimbo hutoza dola 20 kwa dola 1,500 za kwanza, kisha asilimia 3.25 ya zile 8,000 zilizobaki, yaani 260. Ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 1.25, dola 118.75. Jumla 398.75, bado ada ya mwaka. Aliyetimiza hatua ya 1 na ya 2 halipi hizo kwa jimbo, lakini asishangilie mapema: analipa kwa kabila, kwa viwango vya kabila.

MASWALI

Mwalimu, mume wangu ni Mcherokee, mimi nina green card. Gari langu je?
Dada, ndoa haileti uraia wa kabila. Gari lenye jina lako peke yako husajiliwa kwa jimbo.

Nimemwona mtu mweusi kama mimi na namba ya Cherokee. Kaipataje?
Swali zuri, kaka. Baadhi ya Wacherokee walimiliki watumwa weusi. Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru na vizazi vyao haki zote za wenyeji wa taifa hilo. Wakaja kunyang'anywa, kesi ikadumu miaka, hadi Agosti 2017 mahakama ya shirikisho ilipothibitisha uraia wao. Yule ni raia kamili.

Niko Minnesota. Huku namba za makabila zipo?
Zipo, tena huko ndiko kwenye mzizi. Kabila la Red Lake la huko walianza kutoa namba zao miaka ya 1970.

Hizo pesa zinakwenda wapi?
Cherokee hutenga asilimia 38 ya mapato ya namba za magari kwa shule za umma za eneo lao. Mwanao anayesoma Tulsa yumo.

Nikinunua gari lenye namba hiyo, niendelee nayo?
Usithubutu. Mimi niliuziwa Corolla, muuzaji akasema "endesha nayo tu, ndugu yangu." Nikaendesha wiki mbili. Askari alipoinamia dirishani alitazama namba, akanitazama mimi, akaomba kadi ya uraia. Nilimpa leseni. Akacheka kwanza, ndipo akaandika. Fungua skrubu mbili zile, mrudishie mwenyewe namba yake, uchukue hati uende ofisi ya jimbo siku hiyo hiyo.